Antioksidanti, homoni na vimeng'enya vya ini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya mara nyingi wako katika hali inayofanana: wanatumia dawa ya homoni, au homoni za mwili zimebadilika, majibu ya vipimo vya ini yamerudi yakiwa juu, na mkononi kuna kopo la vidonge vya antioksidanti. Kama vidonge hivyo vitasaidia au la, inategemea homoni imevipandisha vimeng'enya kwa njia ipi. Ndiyo maana tunaanza na hilo kabla ya kutaja kidonge chochote.

## Misingi

1. "Vimeng'enya vya ini vimepanda" maana yake nini hasa?

Maabara hupima vimeng'enya vinne. ALT imejaa zaidi ndani ya seli za ini. AST imo kwenye ini pia, lakini imo vilevile kwenye misuli, moyo na chembe nyekundu za damu. ALP hutoka kwenye mifereji ya nyongo, mifupa, na kondo la mjamzito. GGT huambatana na njia za nyongo, na haitoki kwenye mifupa wala misuli.

Kila kimoja kina habari yake. ALT na AST zikipanda sana, seli zinavuja. ALP na GGT zikipanda pamoja, nyongo haipiti vizuri. Bilirubini, ambayo si kimeng'enya, huonyesha kama ini bado linaweza kutoa uchafu wake. Usisome namba moja peke yake.

2. Antioksidanti ni nini, na je, ini halina zake?

Ni kitu chochote kinachozima radikali huru, yaani molekuli zenye njaa ya elektroni zinazotoboa utando wa seli na kuharibu protini. Ini lina zake nyingi kuliko kidonge chochote kinavyoweza kuleta. Kubwa kuliko zote ni glutathioni, ambayo seli huijenga kwa asidi amino tatu: sisteini, glutamati na glisini. Inayoisha kwanza kwa kawaida ni sisteini. Kisha kuna vimeng'enya vya kujikinga vinavyoishi ndani ya seli: katalesi, supaoksidi dismutesi, na glutathioni peroksidesi inayohitaji seleni.

Seli ikipata mshtuko mdogo wa oksidishaji, protini iitwayo Nrf2 huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kinga hizo. Mshtuko mdogo, basi, una kazi yake. Jambo hili linarudi kwenye swali la 9.

3. Homoni hupandishaje vimeng'enya vya ini?

Kuna njia tatu, na watu huzichanganya kila siku.

Njia ya kwanza ni ini kuamrishwa litengeneze kimeng'enya kingi zaidi. Kotisoli na glukagoni huliagiza ini litengeneze sukari, na ALT ni mfanyakazi wa kazi hiyo: huchukua alanini iliyotoka kwenye misuli na kuigeuza kuwa piruvati, ambayo ndiyo malighafi ya sukari. Homoni hizo zikiwa juu, seli huunda ALT zaidi. Hapo hakuna kilichoharibika.

Njia ya pili ni uharibifu. Homoni, au mabaki ya kuvunjwa kwake, huongeza radikali huru au mafuta ndani ya seli, utando unadhoofika, ALT na AST zinavuja.

Njia ya tatu ni nyongo kukwama. Seli za ini zina pampu za kusukuma chumvi za nyongo kwenye vijifereji. Baadhi ya homoni huzuia pampu hizo. Chumvi hubaki ndani ya seli, na kwa kuwa zina tabia ya sabuni, zikizidi huyeyusha utando kutoka ndani.

4. Kwa hiyo antioksidanti inaingia wapi?

Inaingia kwenye njia ya pili, na kidogo kwenye madhara ya baadaye ya njia ya tatu. Kwenye njia ya kwanza haina la kufanya, kwa sababu hakuna moto wa kuzima. Kwenye njia ya tatu inaweza kupunguza majeraha yanayoletwa na chumvi zilizokwama, lakini haifungui pampu. Chanzo kikiendelea, nyongo itaendelea kurundikana hata ALT ikionekana nzuri zaidi. Hiki ndicho kinachotutia wasiwasi zaidi: namba inashuka, mtu anatulia, na dawa inayomuumiza bado anaimeza.

## Homoni moja baada ya nyingine

5. Natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Je, ninywe antioksidanti kulinda ini?

Kwa watumiaji walio wengi ini haliguswi kiasi cha kuonekana kwenye vipimo, kwa hiyo hakuna cha kulinda. Wachache wanaopata tatizo huwa na urithi wa pampu dhaifu za nyongo. Ini huigeuza estrojeni ili itolewe, na moja ya mabaki hayo huizuia pampu ya chumvi za nyongo. Dalili ni muwasho, mkojo mweusi, macho ya manjano. Dawa ya hapo ni kuacha estrojeni na kuchagua njia nyingine ya uzazi wa mpango pamoja na daktari. Aliyewahi kuwashwa hivyo akiwa mjamzito amwambie mtoa huduma kabla ya kuanza vidonge vyenye estrojeni.

Estradioli ya kubandika kwenye ngozi, inayotumiwa na waliokoma hedhi, haipiti kwanza kwenye ini kama kidonge, na mzigo wake kwa ini ni mdogo.

6. Nina mimba, viganja na nyayo zinawasha usiku. ALT imepanda. Vitamini C na E zitasaidia?

Hapana, na usijaribu. Muwasho wa viganja na nyayo, hasa miezi mitatu ya mwisho, bila vipele, ni alama ya nyongo kukwama kwa sababu ya homoni za ujauzito. Kipimo kinachotakiwa ni asidi za nyongo kwenye damu. Zikifika mikromoli 100 kwa lita au zaidi, hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka, na daktari hupanga muda wa kujifungua kwa kuangalia namba hiyo, wala si ALT.

Vitamini C miligramu 1000 pamoja na vitamini E yuniti 400 kwa siku zilijaribiwa kwa wajawazito walio katika hatari ya kifafa cha mimba, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Hazikukizuia, na watoto waliozaliwa na uzito mdogo waliongezeka. Kuna sababu nyingine ya kujihadhari: nyongo ikikwama, vitamini K hainyonywi vizuri, na vitamini E kwa wingi hupingana na kazi ya vitamini K. Damu inaweza kuchelewa kuganda wakati wa kujifungua.

Kumbuka pia kwamba ALP hupanda kwa kila mjamzito kwa sababu ya kondo. ALT na AST hazitakiwi kupanda.

7. Natumia steroidi za kujenga misuli na kila mtu anasema ninywe NAC (asetilisisteini) na silimarini (dondoo la mbigili wa maziwa). Ni kweli zinakinga?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote, na ushauri unaozunguka ni wa hatari.

Kwanza tofautisha aina. Steroidi za kumeza kama oksimetholoni, stanozololi na methiltestosteroni zimeongezewa kikundi cha alkili kwenye kaboni ya 17. Kikundi hicho huzuia ini kuivunja dawa inapopita mara ya kwanza. Ndiyo sababu kidonge kinafanya kazi, na ndiyo sababu kinaumiza. Testosteroni ya sindano haina kikundi hicho, na mara chache huleta shida kwenye ini.

Umbo la kawaida la madhara ni nyongo kukwama, yaani njia ya tatu. Hapa ndipo watu wanapopotea: ALT inaweza kuwa 90 tu, mtu akasema "imepanda kidogo", wakati bilirubini imepaa, ngozi inawasha na macho ni ya manjano. NAC huongeza glutathioni. Silimarini huzima radikali. Hakuna hata moja inayofungua pampu iliyozibwa na homoni yenyewe. Madhara mengine, kama mifuko ya damu ndani ya ini na uvimbe (tyuma) wa ini, mara nyingi hayaonekani kwenye ALT. Huonekana kwa picha.

Kinachosaidia ni kuacha kidonge. Manjano yanaweza kuchukua wiki hata miezi kuisha baada ya kuacha, na hapo usianzishe kopo jipya la kitu chochote. Kabla ya kulaumu ini, soma pia swali la 15, kwa sababu mazoezi mazito peke yake hupandisha AST na ALT.

8. Nimepewa prednisoloni na ALT imepanda kidogo. Niache?

Usiache ghafla. Ukiwa umeitumia zaidi ya wiki tatu, tezi za adrenali huwa zimelala, na kuacha ghafla kunaweza kukuangusha kwa upungufu wa kotisoli. ALT kupanda kidogo kunaweza kuwa njia ya kwanza, au mafuta yanayoanza kujaa kwenye ini. Sindano za methilprednisoloni za kiwango kikubwa ni habari nyingine: huweza kuumiza ini wiki kadhaa baada ya matibabu, na zinahitaji vipimo vya kufuatilia.

Kwenye homa ya ini inayosababishwa na kinga ya mwili kujishambulia, prednisoloni ndiyo inayoishusha ALT. Homoni ileile, mwelekeo tofauti, kwa sababu chanzo ni tofauti.

9. Tezi ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Antioksidanti zitashusha vimeng'enya?

Homoni ya thairoidi huifanya seli ya ini itumie oksijeni nyingi. Mitokondria hukimbia, radikali huongezeka, glutathioni hupungua. Kwa panya waliopewa homoni hiyo, vitamini E na NAC hupunguza uharibifu huo, na kwa hesabu ya haraka ungesema basi zinafaa.

Lakini panya haohao wana funzo la pili. Dozi moja ya T3, ambayo ni homoni ya thairoidi, kwa kuleta mshtuko mdogo wa oksidishaji, hulifanya ini lijiandae na kustahimili vizuri zaidi kukatiwa damu baadaye. Wakipewa antioksidanti kabla, maandalizi hayo hupotea. Kidonge kilizima moto na kengele yake.

Kwa mgonjwa, tiba ni kuidhibiti thairoidi, na vimeng'enya hufuata. Angalizo mbili: ALP inaweza kubaki juu kwa miezi baada ya tiba kwa sababu mifupa inajijenga upya, na propilthiourasili, dawa ya thairoidi, yenyewe inaweza kuliumiza ini vibaya. ALT ikipaa baada ya kuianza, mtuhumiwa wa kwanza ni dawa.

10. Insulini je? Nina ini lenye mafuta.

Hapa ndipo antioksidanti ina ushahidi wa kweli kwa binadamu. Seli zisipoitikia insulini, mafuta humiminika kwenye ini, na kuyachoma huzaa radikali. Mwaka 2010 yalichapishwa majaribio ya watu wazima 247 wenye ini lenye mafuta na uvimbe, wasio na kisukari. Vitamini E ya asili, yuniti 800 kwa siku kwa wiki 96, iliboresha hali ya ini kwenye vipande vilivyochukuliwa kwa asilimia 43 ya waliotumia, dhidi ya asilimia 19 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Makovu ya ini hayakupungua kwa kiasi cha kuhesabika.

Kwa watoto, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011 hayakuonyesha vitamini E ikishusha ALT kwa kudumu kuliko kidonge kisicho na dawa. Na vidonge hivi vina upande wa pili hata kwenye insulini yenyewe: mwaka 2009 vijana wanaume waliofanya mazoezi kwa wiki nne wakinywa vitamini C miligramu 1000 na E yuniti 400 hawakupata nafuu ya mwitikio wa insulini waliyoipata wenzao wasiokunywa. Kama nguzo ya tiba yako ni mazoezi na kupunguza uzito, usiyapunguzie nguvu kwa vidonge ulivyojiandikia.

## Kidonge kimoja kimoja

11. Yuniti 800 za vitamini E ni miligramu ngapi, na nani asitumie?

Ya asili, yuniti moja ni miligramu 0.67, kwa hiyo 800 ni kama miligramu 536. Ya kiwandani hesabu yake si hiyo, kwa hiyo soma kibandiko: herufi "d" mbele ya jina ni ya asili, "dl" ni ya kutengenezwa.

Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse bila daktari, kwa sababu ya kutokwa damu. Wanaume waliotumia yuniti 400 kwa miaka kadhaa katika majaribio makubwa walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Kwa hiyo hata pale inapofaa, ni dawa ya kuandikiwa na kufuatiliwa.

12. NAC inaokoa watu waliozidisha parasetamo. Kwa nini isifae kwa homoni?

Kwa sababu parasetamo ni kisa cha wazi kabisa: sumu moja inayojulikana humaliza glutathioni, na NAC huleta sisteini ya kuijenga upya. Dozi ya mshipani ni miligramu 150 kwa kilo, kisha 50, kisha 100, ndani ya saa 21, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Homoni nyingi haziumizi ini kwa njia hiyo. Kufaulu kwa dawa kwenye sumu moja si hati ya kuingilia kila sumu.

13. Silimarini inashusha ALT?

Kwenye panya, mara nyingi. Kwa watu wenye homa ya ini aina C, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012 kwa dozi za miligramu 420 na 700 mara tatu kwa siku hayakuonyesha ALT ikishuka kuliko kwa wasiotumia. Haina sumu kubwa. Tatizo lake ni muda inaokupotezea.

14. Kuna antioksidanti zinazoumiza ini?

Zipo, na hili linawashangaza wengi. Dondoo la chai ya kijani kwenye vidonge lina EGCG, antioksidanti kuu ya chai hiyo. Mamlaka ya chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba miligramu 800 za EGCG kwa siku kutoka kwenye vidonge zinahusishwa na kupanda kwa ALT na AST. Dondoo la manjano (kiungo cha chakula) lililochanganywa na piperini ya pilipili manga limesababisha homa ya ini kwa baadhi ya watu, kwa sababu piperini huongeza sana unyonywaji. Vitamini A ya dozi kubwa kwa muda mrefu huacha makovu kwenye ini. Vimeng'enya vikipanda baada ya kuongeza vidonge vya "kulinda ini", acha vidonge hivyo kwanza na upeleke makopo yote kwa daktari.

## Kusoma majibu

15. Nijiandae vipi kabla ya kupima?

Acha kunyanyua vyuma na mazoezi mazito kwa siku 7. Kama huwezi, omba kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli. CK ikiwa juu sana na GGT ikiwa ya kawaida, AST na ALT huenda zimetoka kwenye misuli. Acha biotini angalau siku mbili: vidonge vya nywele na kucha mara nyingi vina miligramu 5 hadi 10, na kwenye mashine fulani huonyesha thairoidi inayozidi ilhali ni nzima. Vitamini C nyingi huvuruga vipimo vinavyotegemea peroksidesi, kama vya sukari na asidi ya yuriki. Mwandikie daktari kila unachomeza, pamoja na dozi.

16. Nilianza antioksidanti, ALT ikashuka. Si imefanya kazi?

Jiulize kitu gani kingine kilibadilika wiki hiyohiyo. ALT iliyoko kwenye damu hupungua nusu kwa takriban saa 47, AST kwa saa 17. Tuseme ALT ilikuwa 160 na uharibifu ukakoma kabisa leo: baada ya siku mbili ni 80, baada ya siku nne ni 40, bila kidonge chochote. Kwa kweli hushuka polepole kuliko hivyo, kwa kuwa seli haziachi kuvuja mara moja. Aliyeacha steroidi Jumatatu na kuanza NAC Jumanne ataisifu NAC. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, chanzo kwanza.

17. Nitajuaje kama ni uvujaji au nyongo iliyokwama?

Gawanya ALT yako kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo. Fanya hivyo kwa ALP. Kisha gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Ukipata 5 au zaidi, ni seli zinazovuja. 2 au chini, ni nyongo. Katikati ni mchanganyiko. Mfano: ALT 90 kwa kikomo cha 40 ni 2.25. ALP 300 kwa kikomo cha 120 ni 2.5. Ukigawanya unapata 0.9, nyongo.

Dawa yoyote inapopandisha ALT zaidi ya mara tatu ya kikomo na bilirubini zaidi ya mara mbili, bila nyongo kuziba, ni dharura: kwa kanuni iliyopewa jina la daktari Hyman Zimmerman, kama mmoja kati ya kumi wa hali hiyo anaweza kufa au kuhitaji ini jipya. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukichanganyikiwa, ukitapika damu, au damu isipoganda.

## Hali zisizo za kawaida

18. ALP peke yake iko juu, GGT ya kawaida.

Angalia mifupa, thairoidi (swali la 9), ujauzito (swali la 6), au kijana anayekua. Antioksidanti haihusiki.

19. ALT yangu ni ya kawaida kabisa. Naweza kuendelea na homoni bila wasiwasi?

Si lazima. Ini lenye makovu mengi linaweza kuwa na ALT ya kawaida kwa sababu seli za kuvuja zimebaki chache. Chembe sahani (za kugandisha damu) zinazopungua na albumini (protini inayotengenezwa na ini) inayoshuka husema zaidi. Uvimbe wa ini unaotokana na estrojeni au steroidi pia hupita kimya kwenye vimeng'enya.

20. Nilianza multivitamini yenye antioksidanti na ALT ikapanda badala ya kushuka, ila najisikia vizuri.

Angalia kama ina vitamini B6. ALT haifanyi kazi bila umbo hai la vitamini hiyo, na maabara nyingi hupima kasi ya kazi yake, si idadi ya molekuli. Mwenye upungufu wa B6, kama mzee asiyekula vizuri, mnywaji wa pombe au anayesafishwa damu kwa mashine, husomeka ALT ndogo kuliko ilivyo. Akijazwa B6, kimeng'enya kilichokuwa kimekaa bure kinaanza kazi na namba inapanda, ingawa hakuna seli mpya iliyoumia. Baadhi ya maabara huongeza umbo hilo kwenye kipimo chenyewe, kwa hiyo ulizia njia wanayotumia, kisha rudia kipimo palepale baada ya wiki nne, na bilirubini pamoja nacho.